Namba Iliyofichwa Ndani ya Msimbo

Wewe unayejifunza Kiswahili hapa Bwera au kwingineko, leo nakuomba tuitazame namba kwa jicho la raia.

Mnamo Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazopita katika simu. Wananchi walilalamika, Bunge likaitazama upya sheria, na kabla ya mwaka kwisha kodi hiyo ikawa asilimia 0.5, tena kwa anayetoa pesa tu. Sasa mfikirie mwandishi wa programu aliyeitia 0.01 katika mistari arobaini ya msimbo wake. Sheria imebadilika kwa sahihi moja. Yeye ana mistari arobaini ya kuwinda. Akiukosa mmoja, mama anayetoa shilingi 100,000 kwa wakala wa Mpondwe atakatwa 1,000 badala ya 500, wala hatajua amlalamikie nani.

Kuipachika thamani namna hiyo ni sawa na kuchonga bei ya sukari juu ya mlango wa duka. Dawa yake inajulikana: namba ipewe jina, tuseme kiwango_cha_kodi, iwekwe mahali pamoja, na msimbo wote uiite kwa jina hilo. (Ninyi wanafunzi wa lugha mwaijua faida ya jina: atamkaye 0.005 ametaja hesabu, atamkaye kiwango cha kodi ametaja maana.) Hapa mpakani haja hiyo ni kubwa zaidi, maana kati ya Mpondwe na Kasindi shilingi, faranga na dola hukutana katika biashara moja, na kiwango cha kubadilishia cha asubuhi huenda kisiwe cha jioni.

Hata hivyo, siwaungi mkono wasemao kwamba kila namba iwe rahisi kubadilishwa. Saa ina dakika 60, hiyo iacheni. Tena ziko namba ambazo ugumu wake ndio ulinzi wake. Katiba ya mwaka 1995 iliweka kikomo cha mihula miwili ya urais, na mgombea asizidi umri wa miaka 75. Kikomo cha mihula kiliondolewa mwaka 2005, na cha umri kwa marekebisho ya 2017. Uyapende mabadiliko hayo au uyachukie, yalijadiliwa Bungeni na kupigiwa kura. Raia alijua namba ilikuwa ibara gani, na ni akina nani walioigusa.

Namba iliyofichwa ndani ya msimbo haijadiliwi na yeyote. Umri wa kustahili mkopo, kikomo cha pesa za kutuma kwa siku, faini ya kuchelewa kulipa: kila mojawapo ni uamuzi wa mtu, ingawa dirishani tunaambiwa kwamba mashine imekataa. Ukijibiwa hivyo, usiondoke upesi. Uliza kwa adabu ni nani aliyeiandika namba hiyo, kwa sheria ipi, na ni nani mwenye mamlaka ya kuibadilisha.