"Kuchukua nafasi": nafasi ya nani?

Wadau, leo nina ugomvi na waandishi wenzangu. Ni kuhusu haya maneno mawili tunayoyasikia redioni na kuyasoma magazetini: eti mkutano "umechukua nafasi" Jumamosi, semina "itachukua nafasi" ukumbini, mazishi "yalichukua nafasi" kijijini. Jamani! Nafasi ya nani?

Sote tunajua yalikotoka. Mwingereza akisema "take place" ana maana ya kutokea au kufanyika. Sisi tumeling'oa neno moja moja, tukalibandika kwenye Kiswahili, tukaenda zetu kunywa chai.

Tatizo ni kwamba kuchukua nafasi ina kazi yake tangu zamani. Niwape mfano wa huku kwetu Biharamulo. Mwaka 2009 mbunge wa Biharamulo Magharibi, Phares Kabuye wa TLP, alifariki kwa ajali ya barabarani. Julai mwaka huo ukafanyika uchaguzi mdogo, Oscar Mukasa wa CCM akashinda na kuchukua nafasi yake. Hapo ndipo maneno hayo yanapostahili kukaa. Ajali ILITOKEA, mbunge ALIFARIKI, uchaguzi ULIFANYIKA, mshindi ALICHUKUA NAFASI. Mambo manne, vitenzi vinne, na kila kimoja kinajitosheleza. Sasa andika kwa mtindo wenu: ajali ilichukua nafasi, uchaguzi ukachukua nafasi, Mukasa akachukua nafasi. Nani kamrithi nani hapo?

Au mwaka 2019, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipounganishwa, Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ikachukua nafasi yake. Sawa kabisa, kimoja kimeondoka na kingine kimeingia. Hata kabati kubwa linachukua nafasi chumbani, sina ugomvi nalo.

Kuna watakaosema lugha hukua, inakopa. Nakubali, tena sana. Shule tumeitoa kwa Wajerumani, meza kwa Wareno, na hakuna anayelalamika. Lakini mtu hukopa asichokuwa nacho. Kutokea tunacho. Kufanyika tunacho. Tena hivi viwili vinatofautisha jambo lililozuka lenyewe na lile watu walilolipanga. Ajali hutokea, harusi hufanyika. Mwandishi anayetupa vyote viwili na kuweka "kuchukua nafasi" hajaongeza kitu, KAPUNGUZA.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Wewe uliyepita chuo unaisoma sentensi hiyo, unairudisha kichwani kwenye Kiingereza, halafu unaielewa. Je, yule mama anayeuza ndizi Nyakanazi na redio yake ya betri? Tuseme linatoka tangazo: "Mnada utachukua nafasi uwanja wa mpira kuanzia Jumatatu." Wewe utaelewa mnada utafanyika pale. Yeye ana haki kabisa ya kuelewa kwamba uwanja umekwisha, vijana watafute pa kuchezea. Na kwa Kiswahili fasaha, yeye ndiye atakuwa sahihi kuliko mtangazaji!

Kwa hiyo tunamwandikia nani? Kama habari ya Kiswahili inahitaji Kiingereza ili ieleweke, basi tumeshamfungia nje msikilizaji ambaye ndiye aliyetuhitaji zaidi. Huo si usomi. Ni uvivu uliovaa tai.

Dawa yake ni nyepesi, haihitaji hata kamusi. Ukiandika "kuchukua nafasi", jiulize papo hapo: nafasi gani, au nafasi ya nani? Jibu likiwepo, iache. Likikosekana, futa, kisha weka kitenzi cha jambo lenyewe: mkutano umefanyika, ajali imetokea, mechi imechezwa, mtu amezikwa. Sentensi itakuwa fupi, na mhariri atakushukuru.

Naomba kutoa hoja.