Neno Lililozaliwa Shambani

Wapo wazee wa kalamu wanaodhani Kiingereza kilishuka kutoka mbinguni kimeshapigwa pasi, na kwamba Kiswahili cha mtaani ni takataka za kufagiliwa. Hebu tukikamate kitenzi kimoja cha hicho Kiingereza chao: boycott, yaani kususia.

Boycott alikuwa mtu! Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa mashamba ya kabaila mmoja, Lord Erne, kule Mayo, Ireland. Mwaka 1880 wakulima waliokodi ardhi wakaomba wapunguziwe kodi zaidi, yeye akaanza kuwapelekea hati za kuwafukuza. Wakamsusa. Vibarua wakaacha kazi, wenye maduka wakagoma kumuuzia, hata dobi hamfulii. Novemba wakaletwa wavunaji 50 hivi kutoka kaskazini, huku wakilindwa na askari karibu elfu moja. Mazao yenyewe yalikadiriwa pauni 500. Kuyavuna, inasemekana, kulimeza pauni 10,000. Desemba, Kapteni huyooo, kafungasha virago.

Sasa utamu uko hapa. Mwandishi wa Marekani, James Redpath, alisimulia kwamba alikuwa akihangaika kupata neno la kitendo kile. Lilikuwepo la kisomi, ostracise, lenye asili ya Kigiriki. Redpath akaona wakulima hawatalielewa; padri wa pale, John O'Malley, akakubali halifai, akapendekeza jina la Kapteni ligeuzwe kitenzi. Basi! Haukupita muda Wafaransa na Wajerumani nao wakalibeba. Leo liko kwenye kila kamusi, na hakuna profesa anayeliita la kihuni.

Sisi je? Mhariri mmoja kanirudishia mswada, neno "kuchakachua" kalizungushia wino mwekundu, pembeni kaandika: tumia Kiswahili sanifu. Lipi hilo? "Kughushi" ni la hati na saini. Mhusika wangu anauza dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, na Watanzania walishampatia neno lake. Uchaguzi wa 2010 likahamia kwenye kura, na hakuna aliyeuliza maana yake, si bibi sokoni wala konda kwenye daladala. Kilichokwama ni kalamu ya mhariri.

Mimi ni wa kidato cha nne tu, digrii sina. Lakini masikio ninayo, na padri yule alitumia masikio.

Mswada nimeshaupeleka kwingine. Neno liko palepale, ukurasa wa tatu.