Kishikwambi kipi, na kwa nani?

Kishikwambi si mgeni tena katika nyumba zetu. Hapa Tanzania jina hilo lilienea zaidi mwaka 2022, makarani wa sensa walipopita mitaani wakijaza majibu yetu katika vifaa hivyo, ambavyo baadaye vilipelekwa kwa walimu. Leo wazazi wengi wanafikiria kuwanunulia watoto wao. Dukani swali la kwanza huwa ni bei, na la pili ni ukubwa. Sisi tunaona liko swali linalotangulia yote mawili: ni nani atakayekitumia, na kwa kazi gani? Fedha ya mzazi aliyedunduliza kwa miezi kadhaa haistahiki kupotea kwa sababu tu swali hilo halikuulizwa.

Tuanze na ukubwa wenyewe. Inchi zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa mshazari, yaani kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe inayoikabili. Kwa hiyo mtu hudhani kwamba tofauti baina ya inchi 7 na inchi 10 ni ndogo, ilhali kwa vioo vyenye umbo moja, eneo la kile cha inchi 10 ni takriban mara mbili ya kile cha inchi 7.

Umbo nalo lina hesabu yake. Mwaka 2012 ilitoka iPad mini ya kwanza, yenye kioo cha inchi 7.9 na uwiano wa 4 kwa 3. Mwaka huo huo ilitoka Nexus 7, yenye kioo cha inchi 7 na uwiano wa 16 kwa 10. Tofauti yao haikufika hata inchi moja, lakini eneo la kioo cha iPad mini lilizidi la mwenzake kwa zaidi ya theluthi. Kioo kirefu na chembamba hufaa kutazamia video. Kioo kinachokaribia mraba hufaa zaidi kusomea kurasa za kitabu.

Tuchukue mfano wa msahafu wa chapa ya Madina, ambao una mistari 15 katika ukurasa. Ukurasa mzima ukioneshwa kwenye inchi 7, herufi na irabu zake huwa ndogo mno kwa mzee ambaye macho yamepungua nuru. Akiukuza, hulazimika kuusogeza huku na huko katika kila mstari, na utulivu wa kusoma hupotea. Kwa mzee huyo inchi 10 si anasa. Hata hivyo, uzito nao uangaliwe: iPad ya kwanza ya mwaka 2010, ya inchi 9.7, ilikuwa na gramu zipatazo 680, na iPad mini gramu 308 tu. Kifaa kikubwa kiwekwe juu ya marufaa au meza. Kisiachiwe mkono uliochoka.

Mwanafunzi wa sekondari yu karibu na mzee huyo katika haja yake. Vitabu na mitihani iliyopita huhifadhiwa kama kurasa kamili, nazo husomeka vyema kwenye inchi 10. Kile cha inchi 7 au 8 kinamfaa msafiri, au mfanyabiashara anayeandika hesabu zake akiwa amesimama.

Lakini ukubwa si ubora. Kioo chenye nukta 1280 kwa 800, kikiwa cha inchi 7, huwa na nukta zipatazo 216 katika kila inchi. Nukta hizo hizo zikitandazwa kwenye inchi 10.1, hubaki zipatazo 149, na maandishi huonekana yamefifia kingoni. Anayetaka kikubwa cha kusomea na aulize chenye nukta 1920 kwa 1200, ambacho kwa inchi 10.1 hufikia nukta 224 katika kila inchi.

Kisha tutazame ndani. RAM ndiyo meza ya kufanyia kazi, na hifadhi ndiyo kabati. Wauzaji hupenda kutaja kabati na kuinyamazia meza. Kifaa chenye RAM ya GB 2 hupata taabu kuendesha programu za leo. Tungeshauri isipungue GB 4. Na katika hifadhi ya GB 32, sehemu kubwa tayari imekaliwa na mfumo wenyewe.

Suala la laini ya simu pia lina pande mbili. Nyumba isiyo na Wi-Fi ikinunua kifaa kisichopokea laini, somo litategemea simu ya mzazi. Baba akitoka, intaneti imetoka naye. Kwa kijana wa kidato cha nne hiyo ni hasara. Kwa mtoto wa darasa la tatu, sisi tunaiona kuwa ni kufuli nzuri isiyo na gharama: intaneti huja pale tu mkubwa anapokuwepo.

Ama watoto wachanga, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa hawa hakuna inchi za kuchagua.

Basi mzazi anapofika dukani, asiridhike na maandishi ya boksi. Aombe kifaa kiwashwe, aone kwenye mipangilio toleo la mfumo, RAM, na hifadhi iliyobaki. Afungue kitabu chenye maandishi madogo, asome ukurasa mmoja bila kuukuza. Na ikiwezekana, aende na yule atakayekitumia, kwa maana macho yatakayosoma ni yake.

Wabillahi tawfiq.