Staa wa Madainosa, Kwenu Tanga Kuna Silikanti!

Wiki hii staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, katikisa mitandao kwa bethdei ya mwanawe. Ukumbi mzima madainosa: ya plastiki, ya maputo, keki ina meno, hadi MC kavaa mkia. Sina neno, mtoto ni wake na hela ni zake. Kilichonipandisha ni pale shabiki alipomwambia shughuli kama hiyo aishushe nyumbani Tanga, naye akajibu eti Tanga hakuna kitu zaidi ya baiskeli na machungwa. Na mwenyewe kakulia Ngamiani!

Haya, tukae kitako.

Dainosa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Imebaki mifupa. Na hata mifupa tuliyokuwa nayo, ya Tendaguru kule Lindi, Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913 wakaenda nayo. Leo jitu la zaidi ya mita 13 kwenda juu limesimama Berlin, watoto wa wenzetu wanalipigia selfi. Hilo deni tutalidai siku nyingine.

Tanga kuna kiumbe ambaye ukoo wake ulikuwepo kabla dainosa wa kwanza hajazaliwa, na yuko HAI. Silikanti. Ukoo wa miaka kama milioni 400! Wasomi walishamzika zamani, wakisema kaisha zama moja na dainosa, mpaka Desemba 1938 dada wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, alipomkuta kwenye rundo la samaki wa meli ya uvuvi. Huku kwetu, kuanzia 2004, wavuvi wa Tanga wakawa wanamtoa kwenye majarife, leo mmoja kesho mwingine, mpaka wakafika makumi. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita kama 100 za pwani. Hifadhi nzima ina jina la samaki, wewe unaona baiskeli tu?

Na mtazame basi. Bluu, madoa meupe, anakaribia urefu wa mita 2. Mapezi yake yana minofu, anayapeleka kwa zamu kama mtu anayetembea. Kwa nasaba yuko karibu na mimi na wewe kuliko na jodari. Hatagi, anazaa.

Najua mtakavyokuja. "Haliwi huyo." Kweli, nyama yake ni mafuta matupu, ukila tumbo litakusimulia. Kwani dainosa wa plastiki analiwa? "Hatumuoni, yuko kina cha zaidi ya mita 100." Na dainosa umemuona wapi, kama si kwenye filamu? Tena filamu yenyewe ina jina la enzi ya Jurasiki, na mawe ya Mapango ya Amboni ni ya enzi hiyohiyo. Mwendo wa bodaboda tu kutoka mjini. Mtu anapanda ndege kwenda Dubai kupiga picha na sanamu linalotingisha kichwa!

Utani pembeni. Utafiti wa 2021 ulionesha silikanti anaweza kufika karibu miaka 100, mimba yake inakaa kama miaka 5, na jike anaanza kuzaa kwenye umri ambao mtumishi wa serikali anaandaa makaratasi ya kustaafu. Sasa piga hesabu: jarife la papa likishushwa usiku mmoja kwenye kina, likanasa majike mawili, umefuta nini hapo? Na msiniletee habari ya kumlaumu mvuvi wa Kigombe peke yake. Huko juu baruti ilishapasua matumbawe miaka mingi, samaki wakapungua, na mtu ana watoto wa kulisha. Huyo mvuvi akiona silikanti analeta wageni, vijana wanauza fulana zake na sanamu zake pale Raskazone, atakuwa na sababu ya kuhamisha jarife.

Hapo ndipo staa ungefaa. Posti yako moja inaonwa na watu wengi kuliko kibao chochote cha hifadhi. Umeitumia kuwaambia vijana kwamba kwao hakuna kitu.

Bethdei ijayo keki iwe ya bluu, madoa meupe. Mafundi wa keki Tanga wamejaa, na picha ya samaki ninayo. Njoo inbox.