Krismasi ikija, usimfungie mwanao mlango

KILA Desemba, vituo vya mabasi jijini Nairobi hufurika abiria waendao mashambani kula Krismasi na jamaa zao. Lakini kuna vijana wanaobaki mjini, si kwa kukosa nauli, bali kwa sababu kwao wamekatazwa kufika. Hawa ni wapenzi wa jinsia moja, ambao wengi huwaita mashoga na wasagaji.

Mama mmoja alinijia akitaka dawa ya kumtibu mwanawe. Baba alikuwa amemwonya kijana huyo asikanyage tena bomani. Nilimweleza mama kwamba dawa hiyo haipo kwa kuwa ugonjwa wenyewe haupo. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliondoa jambo hili katika orodha ya magonjwa mwaka wa 1990. Kisha nikamwuliza, "Mwanao atakula wapi Krismasi?" Mama akalia.

Huenda wewe msomaji hukubaliani na mapenzi ya aina hiyo. Pengine dini yako inayakataza, na sheria ya Kenya inatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa vitendo hivyo. Siandiki ili nikubadilishe imani. Naandika kama daktari, kuhusu madhara ya kumfukuza mtoto.

Mwaka wa 2009, jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliohusu vijana 224 wa California, Marekani. Waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 8 wa kuwa wamejaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo tu.

Marekani si Kenya, lakini kila Januari mimi huona wasiopata usingizi, wanaolewa kupindukia, na walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI kwa kuogopa kuonekana nyumbani wakizimeza.

Ufanyeje basi, mzazi? Mpigie simu umwambie sahani yake ipo. Akifika, usimweke mbele ya wazee ahojiwe, wala usiruhusu shangazi amwulize hadharani ataoa lini. Mpe kazi kama wenzake: achune mbuzi, asukume chapati. Asipotaka kusema, usimlazimishe.

Nawe kijana, ukihofia kupigwa, usisafiri. Kula sikukuu na marafiki wanaokujali, na uhakikishe dawa zako zinatosha. Ukianza kuona heri kufa, mwambie mtu unayemwamini au uende hospitalini siku hiyohiyo. Daktari ana wajibu wa kukuwekea siri.

Yule mama alimpigia mwanawe simu kabla ya kutoka chumbani mwangu. Krismasi hiyo kijana alikula kwao. Baba hakusema naye, lakini hakumfukuza. Wahenga walinena: ndugu ni kufaana, si kufanana.