Wanafunzi wa afya Ituri: uwanja kwanza, simu baadaye

Anayesomea udaktari au uuguzi hufundishwa kupima moyo wa mgonjwa, lakini ni mara chache anaulizwa moyo wake mwenyewe unaendaje. Mwaka 2016, jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti kutoka nchi 43: 27% ya wanafunzi wa tiba walikuwa na dalili za huzuni kali, na 11% walikuwa wamewahi kufikiria kujiua. Wengi wao walisoma katika nchi zenye amani.

Huko Ituri, mzigo ni mzito zaidi. Nyankunde, kilomita zipatazo 45 kutoka Bunia, ilijulikana kwa hospitali yake ya CME na shule zake za afya tangu miaka ya 1960. Tarehe 5 Septemba 2002 ilishambuliwa. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kuwa raia wasiopungua 1,200 waliuawa katika siku chache, wagonjwa wakiwa miongoni mwao. Baadaye ikaja Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, kisha utawala wa kijeshi ulioanza Mei 2021. Kijana anayesoma leo ISTM Nyankunde, au katika kitivo cha tiba mjini Bunia, amekulia chini ya kivuli cha hayo yote. Kisha anaongezewa mitihani, zamu za usiku kwenye staji na pesa za masomo.

Mazoezi ya viungo hayaleti amani wala hayalipi deni. Lakini yanapunguza msongo, yanaleta usingizi, na gharama yake ni ndogo. Swali ni namna ya kuyafikisha kwa wanafunzi: kwa simu au ana kwa ana?

Tangu Covid-19 ilipofunga vyuo mwaka 2020, vyuo vingi duniani vimezoea kutuma mazoezi kwa video. Njia hiyo ina faida zake: mwanafunzi hapigi safari, na mwenye haya anajizoeza chumbani bila kutazamwa. Lakini video inakula mega, na mega ni pesa. Simu inahitaji umeme. Na chumba cha kupanga wanamolala watatu hakina nafasi ya kunyoosha mikono. Programu ya video peke yake itawafikia wale ambao tayari wana nafuu, na kuwaacha wenye shida zaidi.

Kuna sababu nyingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watafiti wa chuo kimoja cha tiba katika jimbo la Maine, Marekani, walifuata wanafunzi 69 kwa majuma 12. Waliofanya mazoezi kwa kikundi angalau mara moja kwa juma, msongo wao ulishuka kwa 26%. Waliojizoeza peke yao au na wenzao mmoja wawili hawakuonyesha badiliko kubwa la msongo, ingawa walitumia saa nyingi zaidi. Utafiti huo ni mdogo, na wanafunzi walijichagulia vikundi wenyewe, kwa hiyo si neno la mwisho. Lakini unakubaliana na jambo ambalo kila mtu wa Bunia analijua: wanaokimbia pamoja huulizana habari. Asiyeonekana siku tatu hutafutwa. Video haimtafuti mtu.

Wapo watakaosema kwamba kukusanya vijana uwanjani ni hatari wakati usalama haujatengemaa. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana saa ya mazoezi haifai kuwekwa alfajiri wala jioni, wala barabarani. Iwekwe mchana, ndani ya kiwanja cha chuo, kwenye ratiba ya masomo kama somo lingine lolote. Hapo hata msichana anayewahi nyumbani kupika anapata sehemu yake. Vikao vitatu vya nusu saa kwa juma ni dakika 90. Kutembea kwa miguu kwenda masomoni kunaweza kujazia hadi dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri kwa mtu mzima.

Simu ibakie na kazi mbili. Ya kwanza, kuwafuata walio kwenye staji mbali, kwa sauti fupi za WhatsApp badala ya video nzito. Ya pili, kumpa mwanafunzi mlango wa siri wa kuzungumza na mshauri, kwa sababu kuna maneno ambayo hayasemwi mbele ya kundi. Anayefikiria kujiua anahitaji mtu wa kumsikiliza na matibabu. Kuambiwa akimbie hakumtoshi.

Viongozi wa vyuo hawahitaji kungoja mfadhili kwa hili. Kiwanja kipo, vijana wapo, na mwalimu mmoja mwenye filimbi anatosha kuanza. Kinachokosekana ni nusu saa kwenye ratiba. Ituri inawategemea vijana hawa kuwatibu watu wake kesho; haifai kuwapokea wakiwa wamekwisha kuchoka.