SADAKA NAYO HUFANYIWA MAZOEZI

 

Leo nina jambo moja tu, na naomba ulisome hadi mwisho kabla hujaandika Amina.

Wengi wenu wa Ukunda na Diani mmeshamwona ndugu yetu anayepita na baiskeli alfajiri, taa nyekundu nyuma, helmeti kichwani. Ni mfanyakazi wa hoteli. Zamu ikimruhusu, saa kumi na nusu yuko barabarani. Alianza kwa kutoka Kona ya Musa hadi Msambweni na kurudi. Siku hizi anafika Lunga Lunga mpakani na kurudi siku hiyo hiyo. Kuna siku anakunja pale Kombani, anapanda mlima hadi Kwale mjini, anashuka, halafu anapanda tena. Anajiandaa kwa safari ya baiskeli ya kuchangisha fedha, Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480. Kitakachopatikana kitasaidia wagonjwa wa figo waliokwama kwa nauli na dawa.

Nimesikia maneno mawili kumhusu, na yote mawili yametoka kwa watu waliookoka.

Neno la kwanza: "Pasta, si Biblia imesema mazoezi ya mwili hayana faida?"

Hapana, mpendwa. Fungua 1 Timotheo 4:8 usome taratibu. Paulo anasema faida ipo, ila ni ndogo ukiilinganisha na ya utauwa. Kidogo si sufuri. Sasa rudi nyuma mstari mmoja, ule wa saba, ambao wengi tunauruka. Pale Paulo anamwambia Timotheo ajizoeze kupata utauwa. Neno la Kigiriki alilotumia ni la uwanja wa michezo, na ndilo lililotuletea neno "jimu". Kwa hiyo Paulo hawacheki wanaofanya mazoezi. Anawachukua kama mfano, kisha anatuuliza: na wewe uliyeokoka, roho yako umeipeleka mazoezini lini?

Neno la pili ni zito zaidi: "Kwa nini ajitese? Hela ya tairi na ya chakula si ampe tu mgonjwa, mambo yaishe?"

Ni swali la haki. Jibu nalipata katika historia ya nchi yetu. Mwaka 2004, daktari wa mifugo anayeitwa Zack Kimotho alipigwa risasi na majambazi, akapooza. Mwaka 2012 akatoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu kuelekea Afrika Kusini, ili kuchangisha fedha za kujenga hapa Kenya kituo cha kuwahudumia walioumia uti wa mgongo. Watu wenye ulemavu huo walikuwako miaka yote, majirani zetu, na wengi wetu tulipita bila kugeuza shingo. Lakini mtu aliposukuma magurudumu kwa mikono yake kwenye lami, katikati ya malori, nchi nzima iligeuka kutazama. Afrika Kusini hakufika, lakini Wakenya walichanga mamilioni ya shilingi kabla hajavuka mpaka.

Hiyo ndiyo kazi ya jasho. Ndugu yetu akimpa mgonjwa hela ya tairi, mgonjwa atapata hela ya tairi. Akiendesha kilomita 480, mamia ya watu watauliza, "Anaendea nini?" na jibu litakuwa jina la ugonjwa na sura ya mgonjwa.

Lakini kuna jambo jingine ambalo baiskeli ile inatufundisha, nalo ndilo nililokuja kusema leo.

Safari ndefu haiendeshwi kwa hamasa. Watu hudhani Nairobi hadi Mombasa ni mteremko, kwa sababu Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Muulize aliyeiendesha. Kuna vilima vyake, kuna joto la Mtito Andei hadi Voi, kuna malori, na wakati wa kusi upepo unatoka baharini unakupiga usoni kutwa nzima. Mwili ambao haukuandaliwa utakwama, hata mwenyewe awe amejazwa furaha namna gani. Ndiyo maana mwendesha baiskeli huongeza umbali kidogo kidogo kila juma. Hujifunza kunywa maji kabla ya kiu na kula kabla ya njaa, kwa sababu akingoja mpaka nguvu ziishe amechelewa. Hupumzika siku ya kupumzika. Kazi kubwa hufanyika miezi kadhaa kabla, gizani, hakuna wa kumpigia makofi.

Sasa tujiangalie sisi na utoaji wetu.

Sisi hutoa kama mtu aliyepanda baiskeli siku ya safari yenyewe. Tunangoja harambee. Tunangoja mtu afe, au bili ya hospitali ifike mahali ambapo familia inalia kwenye grupu la WhatsApp. Hapo machozi yanatutoka, tunaahidi mbele ya watu, makofi yanapigwa. Wiki mbili baadaye mweka hazina anapiga simu na hatupokei. Si kwamba tuna roho mbaya. Misuli ya kutoa haijawahi kufanyishwa kazi, na sasa tumeipa mlima.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Walisema kweli. Nami naongeza hivi: moyo nao ni msuli.

Paulo aliliona hili miaka karibu elfu mbili iliyopita. Maskini wa kanisa la Yerusalemu walikuwa na shida, naye akaanza mchango mkubwa kutoka mbali sana, Makedonia na Akaya, ng'ambo ya bahari. Soma 1 Wakorintho 16:2 uone alivyoupanga. Hakuwaambia wangoje afike awahubirie mpaka walie. Alitaka kila mtu, kila siku ya kwanza ya juma, atenge kitu nyumbani kwake kadiri alivyofanikiwa, ili siku atakapofika kusiwe na haja ya kuchangisha. Soma tena 2 Wakorintho 8 na 9. Wakorintho walikuwa wa kwanza kutaka kutoa, tangu mwaka uliotangulia. Nia ilikuwako, lakini umaliziaji ulichelewa, ikabidi Paulo atume ndugu watangulie kuwaandaa wasije wakaaibika. Mpendwa, hao si Wakorintho peke yao. Hao ni sisi.

Na mgonjwa wa figo ndiye anayetuonyesha kwa nini jambo hili ni la uhai. Hasafishwi damu mara moja kwa mwaka. Ni mara mbili au tatu kila juma, na kila mara ni saa kadhaa kwenye mashine. Hata pale bima ya SHA inapolipia mashine, mtu anayetoka ndani Kinango au Lunga Lunga kwenda Msambweni bado ana nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, nauli ya anayemsindikiza, na dawa. Juma hili, juma lijalo, na lile la baada yake. Harambee moja kubwa ya Desemba haiwezi kumfikisha hospitalini Jumanne ya Machi. Shida inayokuja kila juma inahitaji upendo unaokuja kila juma.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, anza na umbali mfupi. Tenga shilingi 50 kila Jumapili kabla hujatoka nyumbani. Washirika mia moja wakifanya hivyo ni shilingi 5,000 kwa juma, na kwa mwaka ni shilingi 260,000. Ukizoea hamsini, ongeza. Kama huna hamsini, tenga ishirini. Kama huna ishirini, msindikize mgonjwa mmoja hospitalini, ukae naye mpaka atoke kwenye mashine.

Pili, kama umemwahidi ndugu yetu shilingi tano kwa kila kilomita, hiyo ni shilingi 2,400. Anza kuiweka leo. Mhubiri 5:4-5 inasema wazi kwamba afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Yeye akimaliza kilomita zake, nawe uwe umemaliza zako.

Tatu, ninyi wapendwa wangu madereva wa matatu, tuktuk na boda. Mkimkuta mtu wa baiskeli mbele yenu, mpeni nafasi, msimsukumie kwenye kokoto kwa honi. Huyo anaweza kuwa ndugu yetu, anaweza kuwa muuza madafu anayetafutia watoto chakula. Nafasi ile unayomwachia barabarani, nayo ni sadaka.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa miguu ya ndugu yetu. Mlinde barabarani, alfajiri na mchana. Wakumbuke wagonjwa wanaohesabu nauli usiku huu. Nasi utufundishe kutoa kabla hatujalilia kutoa, kidogo kidogo, kila juma, mpaka mlima uwe mwepesi. Katika jina la Yesu Kristo.

Kama umeamua kuanza Jumapili hii, andika AMINA, kisha mtumie mwenzako mmoja mshikane mkono.


Mchungaji wenu, Kona ya Musa